Simu ya Kila Machi

Kazi yangu ni kuuliza.
Kila Machi, meza ya tatu kutoka dirishani,
hospitali ya ukingo wa mto Maas, Rotterdam,
nawapigia simu wale walioguswa kidogo:
Umelazwa tena? Mkono umelegea? Ulimi mzito?
Unavuta sigara? Dawa unameza?
Kisha natia alama.

Neno lenyewe, kiharusi,
husikika kama harusi ndogo,
karamu ya dakika kumi na moja:
mgeni haji na kadi, hali, hanywi,
anakalia upande mmoja wa uso
halafu anajiondokea.
"Mmebahatika," daktari alisema,
kwa wingi, maana walikuwa wawili,
vitanda sambamba, usiku mmoja wa mvua ya mawe.

Koenraad Hoekstra, mchora ramani mstaafu,
aliangusha kijiko kwenye supu ya njegere
na jina la kijiko likampotea.
Lucretia Wijngaarde, mzaliwa wa Paramaribo,
alikuwa ghorofa ya kumi na tisa
akipiga deki ofisi za bima.
Tambara likamponyoka. Akacheka.
Akaliokota kwa mkono wa pili,
akamaliza korido, ndipo akaja.

Picha za ubongo zilionyesha doa,
punje ya mtama, kwake na kwake.
Ungezichanganya, usingejua ipi ya nani.

Fomu ndiyo iliyojua.
Ukurasa wa kwanza, kisanduku cha asili.
"Nitie wapi?" Lucretia aliniuliza.
"Nyanya wa nyanya yangu aliandikwa daftari moja na miwa,
na aliyeshika kalamu
naye ni babu yangu."
Nikamwonyesha kwa kidole.
Akatia alama ndogo, kama mtu anayeshona kifungo.

Mwaka wa kwanza, wote hawajambo.
Mwaka wa pili Koenraad amenunua baiskeli;
Lucretia anapokea akiwa ngazini, anahema,
lifti mbovu tangu Krismasi,
zamu zimesogezwa, anarudi jua likichomoza,
na anapoamka
duka la dawa limeshafungwa.
Mwenye kovu usidhani kapoa:
ningemwambia, lakini sikuajiriwa kusema.
Nikatia alama kwenye "mara kwa mara".

Mwaka wa nne maneno yake yalikuja mojamoja,
kama mtu anayevuka mfereji juu ya barafu changa.
Mwaka wa sita alipokea binti yake, Gracia.
Sikuwahi kufungua mdomo.
"Bado mnataka kujua," aliuliza,
"kama mama anavuta sigara?"

Na Koenraad, kila mwaka, kabla sijaanza:
"Yule wa kitanda cha pili,
aliyenifundisha kusema tena kijiko, hajambo?"
Kanuni haziruhusu. Nikamjibu habari za upepo.
Mwaka ule wa sita nilichelewa kujibu
kwa kiasi cha pumzi moja.
Nikasikia kiti chake kikisogea.
Hajauliza tena.

Jana mkuu wetu alitundika mchoro ukutani.
Mistari miwili inatoka nukta moja
kama reli za tramu zinapotoka stesheni,
kisha mmoja unapanda, unapanda.
"Asili," akasema, akiugonga ule wa juu,
kana kwamba damu ndiyo iliyopiga deki,
damu ndiyo iliyoharibu lifti.
Wenzangu wakaandika.
Mimi nilitazama pale mstari unapoanza kupinda,
mwaka wa pili, padogo,
nikasikia mtu anahema.

Ni Machi tena. Napiga.
Umelazwa? Hapana.
Mkono? Una nguvu, unachora.
Dawa unameza?

"Nameza," anasema Koenraad.
Ananyamaza.
"Duka la dawa liko chini ya nyumba yangu.
Hilo mmeliandika?"

Natafuta kisanduku.
Nageuza ukurasa.
Natafuta.