Kupima

Futi yake ya manjano ningali nayo.
Imefifia kwenye thelathini na sita,
pale kidole gumba chake kilipozoea kushika.
Vifua vya nusu ya Langoni vimepita hapo.

Shangazi Swafiya aliandika kwa penseli:
Biharusi wa kina Abudi, kifua 34, kiuno 27.
Mwalimu Nuru, kifua 40, asibanwe kwapani.
Binti wa muuza samli, bado anakua, acha inchi mbili.
Alijua nani ana mimba kabla mavyaa hajajua.
Alijua nani anafunga na nani anajinyima.

Lake hakuliandika.

Lilikuwa kama punje ya kunde, alisema mwishoni,
kushoto, chini kidogo ya mahali
fundi huchomeka pini zake akishona.
Haliumi, alisema.
Na sisi tuliolelewa kuogopa maumivu
tukaona kisichouma hakina neno.

Akaanza kujishonea magauni mapana.
Akaongeza marinda upande mmoja,
akahamisha mshono wa kwapa,
na kazi ilikuwa safi, wallahi,
hata mimi niliyekaa naye benchi moja
nilimwambia: Shangazi, hili limekukaa.
Akacheka. Akakata uzi kwa meno.

Tulipokuja kulitaja, tulilitaja kwa majina ya pembeni.
Jipu. Upepo. Jicho la mtu.
Kombe la zafarani likanywewa, habasoda ikapakwa.
Sina ugomvi na dua, naiomba hadi leo,
lakini si dua iliyomzuia kupanda boti ya Mokowe.
Ni haya.
Haya ya mwanamke aliyewapima wanawake wa mji
akashindwa kupimwa yeye.

Kule Mombasa daktari alikuwa msichana, mdogo kwangu.
Alilisema neno lenyewe, lote, bila kulivika buibui:
saratani ya titi.
Kisha akauliza, tangu lini?
Shangazi hakuhesabu miezi, alihesabu nguo:
"Tangu lile gauni la kijani la Maulidi."
Maulidi mawili yalikuwa yameshapita juu ya gauni lile.

Sanda yake niliipima mimi, kwa futi hii hii.
Sanda haiulizi kiuno.
Nilikuwa miongoni mwa waliomuosha, na nilichokiona
nakisema hapa mara moja tu:
ngozi ilikuwa imebonyea kama ganda la chungwa,
na chuchu imerudi ndani,
kama mtu aliyekata tamaa ya kuita.

Sasa cherehani ni yangu, na pazia ni langu.
Mteja akija napitisha futi, naandika.
Kisha nauliza: na wewe, umejipima?
Hucheka, hudhani nasema unene.
Hapana, mwanangu. Kwa vidole vitatu,
hedhi ikishakatika, bafuni, na sabuni mkononi,
zungusha polepole kama unayetafuta sindano kwenye godoro,
mpaka kwapani, usikuruke kwapani.
Wengine hununa. Mmoja alichukua kitambaa chake akaenda
kwa fundi wa Mkomani asiye na maneno mengi.
Nenda, nilimwambia, lakini umeshasikia.

Si kila uvimbe ni ule. Mwingi si ule.
Ila ukikuta kitu, nakuomba,
usikishonee marinda.

Jumamosi iliyopita alikuja binti wa muuza samli.
Ameshakua, ana watoto wawili,
zile inchi mbili alizimaliza zamani.
Mkononi hakuwa na kitambaa.
Akafunga pazia mwenyewe,
akasema: Nimekuta.

Jumatatu alfajiri duka sikulifungua.
Tulishuka gatini pamoja, yeye kimya, mimi naongea ovyo,
na boti ilikuwa imeshaondoka ukingoni
nilipogusa shingo, nikaikuta futi
bado inaning'inia.
Akaishika ncha yake. Akaishika njia nzima.

Majibu ni Alhamisi.