Pauni Kumi na Mbili

Guðlaugur amevunjika nyonga,
basi mwaka huu sufuria na usukani vyote ni vyangu.
Miaka thelathini nimepika hospitalini Selfoss,
nikipanda milimani kila Septemba kama mzigo:
kiti cha abiria, mikono mapajani.
Sasa watu ishirini na wawili wako juu
wakikusanya kondoo kabla theluji haijawawahi,
na supu yao itafika nikifika mimi.

Sólrún, mpwa wangu, ana miaka kumi na tisa
na grisi hadi viwikoni.
Alilizunguka gari mara mbili asiseme neno,
kama mnunuzi wa farasi asiyeamini meno.
Akalala chini yake, changarawe mgongoni,
sauti yake ikatokea kwenye ekseli:
"Mjomba, huku kuna siri."

Oili ya difu ilitoka nyeupe kama maziwa.
"Huu ni mto wa mwaka jana," akasema,
"ulipanda bila nauli ukakataa kushuka."
Akapandisha bomba la hewa hadi juu ya paa,
injini ipumue kama mtu avukaye amekaza shingo.
Jeki ndefu. Koleo. Pampu.
Kamba ya kuvutia, siyo ile ya kuanikia nguo
niliyokuja nayo nikijisifu.
Kila sufuria akaifunga mkanda:
lita arobaini za supu
hazijui breki.

Kisha mchanga mweusi, na somo.
"Toa upepo."
Nikatoa kwa uchungu, kama anayemwaga mafuta mazuri.
Ishirini na nane. Ishirini.
"Bado."
Kumi na mbili, na tairi likalala mchangani
kama donge la unga lililokandwa likaachwa lipumzike.
Hapo nikaelewa kitu, ingawa sikumwambia.

Nilikwama mara nne.
Mara ya kwanza nilikanyaga mafuta kwa hasira;
gari likajichimbia kaburi, likakaa ndani.
Sólrún alinipa koleo, akala mkate wake
akitazama upande mwingine, kwa heshima.
Gia ndogo, mguu mwepesi, mjomba.
Moto mdogo, nikajisemea. Moto mdogo.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake.
Sólrún alinivika mpira hadi kifuani,
akanipa fimbo, akaniambia: yafike.
Palipo na mawimbi madogo madogo, chini ni karibu.
Palipo laini kama shuka ya hospitali, usipaamini.
Ingia ukifuata maji, mshazari, usishindane nayo.
Klachi usiiguse.
Na mto uliokushinda kwa miguu
usiupelekee gari.

Siku yenyewe nilikwenda peke yangu.
Mto wa kwanza, sawa.
Wa pili ulinipiga mlangoni, nikauitikia, nikapita.
Wa tatu niliukuta saa kumi alasiri
umeshiba barafu ya mchana kutwa,
rangi ya saruji, ukiviringisha mawe chini:
niliyasikia yakigongana kama sahani.
Nikashuka na fimbo.
Hatua sita, maji yakanishika mbavu.
Ya saba sikuipiga.

Niliweka jiwe jeupe ukingoni, pale maji yalipoishia,
nikageuza gari, nikazima.
Redioni Ketill alinung'unika kuhusu njaa,
kisha mlima ukamkata kauli.
Usiku kucha nililala kando ya sufuria,
nikiamka kwa tochi kulitazama jiwe langu.

Saa kumi na moja alfajiri lilikuwa limekauka,
na maji yamelala hatua tano chini yake.
Nikaufika mto tena, ng'ambo na kurudi,
meno yakigongana.
Nikavuka.

"Ulikuwa wapi tangu jana?" Ketill aliuliza,
kijiko tayari mkononi.
Nikafungua mkanda wa sufuria ya kwanza.
"Nyama ya kondoo mzee," nikamwambia,
"haitaki haraka."