Kasimile ya Damu

Miaka thelathini na mitatu nampanda mbuzi
asiyekula jani wala kulia,
uani Majengo, kabla ya adhana ya alfajiri,
mguu huku, mguu kule,
nikikuna nazi za mbaazi.
Sikujua kuwa naye alikuwa akinikuna.

Daktari Mwambire, kule Ganjoni,
alinitia ndani ya mashine inayogonga
kama mafundi wa mabati,
kisha akanionyesha picha:
"Hiki ni kikombe cha nyonga, mama.
Huu weupe ndio gegedu.
Na hapa," kalamu ikatua, "hapa pamekwisha."
Nikamwambia, mwanangu, mie nakijua hicho.
Ni kifuu. Huo weupe ni nyama ya nazi.
Na hapo meno ya mbuzi yamegusa ganda.
Akacheka. Mimi sikucheka.
Mnazi huzaa nyingine,
lakini iliyokwisha kukunwa
nani kaiona ikirudi kifuuni?

Akasema ipo njia, bado changa:
watanitoa damu, waizungushe hadi ijitenge,
nyekundu chini, juu rangi ya samli,
na hiyo ya juu wanirudishie palipolika.
Wengine huchota uboho kiunoni,
wakatafuta seli ambazo hazijaamua zitakuwa nini.
(Nikazionea wivu. Mimi niliamuliwa
nina miaka kumi na minne.)
"Itaota?"
"Kwa baadhi ya watu maumivu hupungua.
Kuota, sikuahidi."

Nikalipenda hilo *sikuahidi*.
Shemeji yangu wa Kisauni aliahidiwa kila kitu
ndani ya chupa ya mafuta,
na hadi leo anachechemea.

Bei: mkufu wa marehemu mama
na mbaazi za miezi saba.
Athmani akasema, subiri nyonga ya chuma.
Nuswaiba, mjukuu, hakusema;
alikwenda kwa sonara kuuliza.

Jumatatu nililala ubavu.
Sindano ilipozama nikahesabu nazi,
nikafika ya kumi na tisa.
Kasimile ya damu yangu mwenyewe,
tui la kwanza, lisilotiwa maji.

Leo wiki ya sita. Bado nasalia kitini.
Ila juzi usiku niligeukia upande ule
nikalala mpaka adhana.
Labda ni dawa.
Labda ni kuwa sasa Nuswaiba ndiye anayekuna.
Namwambia, kaa upande, mama, usimpande hivyo.
Hasikii.
Nyonga yake ingali dafu.