Limau la Baba

Julai mjini Hermosillo jua halichomozi,
linatua mzigo wake juu ya mabati
na kukaa hapo hadi Septemba.
Usukani haushikiki bila taulo.
Dashibodi isiyopakwa kitu hupasuka kama kisigino,
lakini pikapu ya baba yangu, Celedonio,
miaka kumi na tisa ya kubeba matairi mabovu,
haikuwahi kuwa na ufa.

Kila Jumamosi aliipaka mafuta yake ya limau.
Limau gani! Hakuna mti uliozaa limau lile,
tamu, kali, la manjano hadi kooni,
limepikwa kiwandani na mtu aliyesimuliwa limau kwa simu.
Tuliingia garini watu, tukatoka peremende.
Alipofariki nilirithi ufunguo, deni la betri
na nusu chupa.
Nikapaka. Mkono ulijua njia.

Kisha Yuriria akatimiza miaka minne.
Chafya ya kwanza tulicheka, tukamwombea afya.
Ya tisa hatukucheka.
Kwenye taa za barabarani, foleni haisogei,
macho yake yalivimba kama maharage yaliyolowekwa,
kifuani ikaanza filimbi nyembamba,
ile ambayo mzazi huisikia hata lori likipiga honi.
Nikashusha vioo vyote. Joto likaingia bila hodi.

Daktari Arvizu, mama asiyepoteza maneno, aliuliza:
"Gari linanukia nini?"
Nikasema, "Baba yangu."
Akaandika: manukato.

Kwa Wenceslao, muuza vipuri, rafu nzima:
nanasi, lavenda, gari jipya
(hata upya siku hizi unauzwa kwa chupa),
hewa ya mlimani, mlima upi hawakuandika.
Nikachukua moja iliyosema "haina harufu".
Akaninyang'anya.
"Hiyo inakudanganya kwa adabu.
Wameifunika harufu kwa harufu,
kama mtu aliyevaa koti juu ya koti akasema yuko uchi.
Tafuta iliyoandikwa haikutiwa manukato.
Haikutiwa! Soma kitenzi, bwana."
Nikasimama kati ya rafu nikisoma vitenzi,
mtu mzima, miwani puani,
herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Tuliipata chini kabisa, imeshika vumbi.
Ya maji, isiyong'aa, chupa bila picha ya tunda.
"Usimpandishe mtoto leo," akasema.
"Paka kiganja kimoja chini ya kiti, funga milango,
liachie jua lipike. Kesho ingia wewe kwanza."

Lakini kabla ya kupaka, kuosha.
Vitambaa kumi na vinne, sabuni ya kipande.
Maji ya kwanza yalitoka manjano.
Kila nilipokamua
nilikuwa namtoa baba nje ya gari lake.
Sijui jina la kazi hiyo.
Kuna kuosha maiti, na kuna hii.

Nilipopaka ile isiyo na kitu, haikung'aa.
Jirani alidhani sijamaliza.
Asubuhi nikaketi ndani, vioo juu, jasho shingoni,
nikivuta pumzi kama mwizi anayesikiliza mlango.
Vumbi. Plastiki. Jua.
Halafu, kwenye mkanda wa kiti,
pale ulipokuwa ukivuka bega lake,
taratibu, kahawa,
na nyuma ya kahawa, tumbaku,
ile aliyomwapia mama kwamba ameiacha
mwaka niliozaliwa.

Ah, mzee! Kumbe ndiyo kazi ya limau.

Nilicheka peke yangu hadi kioo kikaingia ukungu.
Nikakaa na mkanda puani kwa muda
ambao sitamwambia mtu.
Kisha nikauosha nao. Mara mbili.

Jumapili Yuriria alipanda, akafunga mkanda mwenyewe.
Tulipita taa tatu.
"Kunanukia nini?" nikamwuliza.
Akavuta hewa, pua juu, kwa makini ya fundi.
"Hakuna," akasema.
"Washa redio."