Mbegu za Mpangaji

Chilewa wa duka la pembejeo, Majengo,
ananisifia waridi: hili litadumu, dada.
Waridi ni la mwenye hati, namjibu.
Mimi nimelipa miezi sita,
na mvua ya Dodoma haijalipa hata mmoja.

Nipe zenye haraka.
Zinia, siku sitini.
Kosmosi, isiyochagua udongo.
Alizeti mbili tu, za kuchungulia ukuta wa jirani.

Maji? Yaliyosuuza mchele.
Yaliyosuuza sare za Nyemo.

Machi yote mlango wangu uliwaka,
wapita njia wakapunguza mwendo.

Mei, mwenye nyumba kapandisha kodi.
Nimepukusa vichwa vikavu
ndani ya bahasha ya risiti yake,
nikailamba, nikaifunga.

Shika, Nyemo, usiikunje.
Ua letu lote limo humu.
Tikisa: linachakacha.