Mkono Mmoja na Nusu

Mwalimu Nyevu alikuja na vipimo
kwenye karatasi iliyofungiwa chapati:
urefu mikono miwili na nusu,
upana mkono mmoja na nusu, kimo vivyo hivyo.
"Na mti uwe mshita," akasema. "Ya kanisa hayana njia ya mkato."

Mshita ndio mgunga. Mimi fundi wa masanduku, Kibokoni,
miaka thelathini na mmoja ya msaji na mvule,
mgunga sijawahi kuuranda. Huku kwetu mgunga
huja umeshaungua, ndani ya magunia, kutoka bara.
Siku mbili nilizunguka Kongowea kwa wauza makaa
nikiulizia gogo ambalo moto haujalijua.
Walinicheka. Mmoja akanifunulia gunia:
"Chagua, mzee. Humu mna masanduku mangapi?"

Nililipata. Likanivunjia misumeno miwili.

Nikapima kwa mkono wangu, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole,
mkono huu uliovunjika nikiwa chuoni, mfupa ukaunga mfupi.
Nyevu akaja na wake, akapima, akanuna:
vidole vinne vimepotea.
Tukatazamana. Mkono wa nani, basi?
Aliyelichonga la kwanza hakutuachia mkono wake.

Nyanya yangu aliliita Tabuti.
Ndani yake mna utulivu, alisema, na mabaki,
akanyamaza papo hapo, kama mtu aliyefika mwisho wa gati.
Nyevu yeye alinisomea, mimi napiga msasa,
orodha ya vilivyotekwa Hekaluni:
masufuria, sepeto, makasi ya tambi, vijiko.
Vijiko, wallahi! Na sanduku lenyewe kimya.
Halikuchukuliwa. Halikuchomwa. Halikufichwa.
Ukurasa huu lipo, ukurasa ule hakuna anayeliulizia.

Nikasimamisha msasa.
Karani gani huyo, ahesabu vijiko asahau sanduku?

Maana mmoja namjua.
Arobaini ya nyanya, ami yangu Shekuwe, kalamu mkononi:
birika la shaba, moja. Mbuzi ya kukunia, moja.
Vikombe kumi na viwili, kimoja kina ufa.
Na lile kasha la njumu miguuni pa kitanda,
ambalo ufunguo wake nyanya aliuvaa shingoni hata akioga?
Pale sakafuni palibaki mraba wa saruji safi,
na sisi kumi na wanne tuliuzunguka
tukinywa kahawa.
Hakuna aliyeuliza. Nami sikuuliza.

Jumamosi tukalitoa. Mipiko haichomolewi, ndiyo sharti,
kwa hiyo kona ya uchochoro ilitushinda;
tukapita ukumbini kwa Bi Mwanaidi, katikati ya nguo zake mbichi.
Gurudumu la mkokoteni likaingia shimo, sanduku likayumba,
na kijana Chengo akanyoosha mkono.
"Usilishike!" Nyevu akapiga ukelele,
na wote tukaganda, Waislamu, Wakristo na muuza viazi karai,
mikono hewani,
tukiliangalia sanduku tupu la mgunga,
la shilingi elfu kumi na nane, nusu bado sijalipwa,
likianguka polepole.

Kifuniko kilipata ufa. Nimeahidi kuuziba.

Nyumbani nilibaki na vipande.
Jana mke wangu aliviwasha apikie chai.
Moto wake haukuwa na moshi hata kidogo.
Nilikaa karibu nao, mkono wangu mfupi mapajani,
nikihesabu vijiko.