Kata

Kamusi ya shule, kurasa zimelegea,
ilikipa kitenzi hiki safu moja na nusu.
Mimi nilikijulia Kariobangi, chini ya meza ya Mama,
vipande vya kitenge vikinidondokea kichwani.

"Usikate kabla hujapima," alimwambia Nzilani,
mwanagenzi wake, aliyekata tamaa tangu Januari,
mchumba alipomkatia simu
katikati ya neno mahari.

Stima ikikatwa tulikisia:
mvua, au bili, au Ogutu wa ploti
anayedai kodi kwa kidole kwenye swichi.
Mama alifungua mlango, akasogeza cherehani kwenye mwanga.
Mwaka ule alikata shauri: Mwala harudi.

Halafu Mbagathi, saa kumi alfajiri.
Muuguzi alisema, kwa sauti ya mtu anayekunja shuka,
amekata roho.
Nami, mjinga, tumbo langu la miezi saba,
nikawaza mkasi:
nani kaushika? Kapimia wapi?

Leo binti yangu ana zoezi.
Tunga sentensi tano, kitenzi kata, maana tofauti.
Ameandika nne, anatafuna penseli.
Nikamtolea mkasi ule mzito,
uzi mwekundu umezungushwa tunduni pa kidole gumba.
"Bado unakata?"
Nikampa gazeti. Hakulikata.
Aliandika ya tano bila kuniuliza:

Nyanya alikata nguo yangu kabla sijazaliwa.

Mwalimu ameweka kando yake
alama ya kuuliza, kwa wino mwekundu.